Miezi minane na mashine ya mwanga kichwani mwa mgonjwa

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, wengi wao walioumia kichwa. Kwa miezi minane sasa nimekesha na mashine inayopima mtiririko wa damu ya ubongo kwa mwanga. Naandika kwa ajili ya wenzangu watakaoletewa mashine ya aina hii wodini na kuambiwa tu, "Hiyo hapo, itumieni."

Kuifunga ni kazi ya dakika chache. Kuna kibandiko laini cha kuweka kwenye paji la uso, waya mwembamba, na skrini. Kibandiko hurusha leza isiyoonekana kwa macho, ikapita ngozi na mfupa hadi tabaka la juu la ubongo. Mwanga kidogo unarudi na kunaswa na kihisi kilicho kama sentimita 3 pembeni. Chembe nyekundu za damu zikikimbia, mwanga huo humetameta haraka. Zikizembea, nao humetameta polepole. Mashine inasoma huko kumetameta. Sehemu ya pili ya mashine hupima oksijeni kwa kuangalia rangi ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, njia iliyoanzia kwenye kazi ya mtafiti Frans Jöbsis ya mwaka 1977.

Usiku ulioniaminisha ulikuwa wa kijana aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia. Alikuwa pia na mrija wa kupima shinikizo la ndani ya fuvu, uliopitishwa kwenye tundu la fuvu, nalo lilisoma 12, zuri kabisa, maana tunaanza kuhangaika likipita milimita 22 za zebaki. Lakini mstari wa mtiririko kwenye skrini ulikuwa unateremka taratibu, robo saa baada ya robo saa. Tulipopima gesi za damu tukakuta anapumulishwa kwa kasi mno: hewa ya ukaa imeshuka, mishipa ya ubongo imejibana. Shinikizo lilikuwa zuri kwa sababu damu haikuwa inaingia ya kutosha! Tukapunguza kasi, mstari ukapanda. Kwa mrija peke yake ningeandika 12 kwenye chati nikaenda kwa mgonjwa wa pili.

Tangu hapo naitazama hata ninapomgeuza mgonjwa. Shingo ikipinda kidogo tu, mishipa inayoteremsha damu kutoka kichwani hubanwa, na mstari unaonyesha. Nainyoosha shingo, naangalia tena.

Sasa lile linalotangazwa sana, yaani kukadiria shinikizo la ndani ya fuvu bila kutoboa, kwa kusoma umbo la wimbi la kila pigo la moyo. Hapa nawasihi muwe waangalifu. Kwa wagonjwa wenye mrija nimelinganisha mara nyingi: mashine hufuata mwelekeo vizuri, shinikizo likipanda nayo inapanda, ila namba yenyewe huweza kupishana na ya mrija kiasi cha kubadilisha uamuzi wa dawa. Mimi siitumii kuamua dozi. Kwa mgonjwa asiyeweza kutobolewa kwa sababu damu yake haigandi, naishukuru, kwa sababu bila hiyo ningebaki na tochi ya kumulika mboni.

Kinachoniuma ni ngozi nyeusi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hula mwanga, ishara inakuwa dhaifu, na mstari unatetemeka kiasi kwamba wakati mwingine siwezi kuuamini. Kitabu cha maelekezo kimeligusa jambo hili kwa sentensi moja. Haitoshi. Anayetengeneza kifaa cha kuokoa ubongo anapaswa kukijaribu kwa watu wa kila rangi kabla hajakileta wodini.

Mengine ni madogo. Nywele huzuia mwanga, kwa hiyo unapima paji la uso tu, na jeraha la kisogoni hulioni. Uvimbe wa damu chini ya kibandiko huharibu kila kitu. Funika kibandiko kwa kitambaa cheusi, taa za dari zisiingie, na kihamishe kila baada ya saa chache. Nimekuta alama nyekundu kwenye paji la mgonjwa aliyeachiwa usiku kucha.