Siki, beking soda na sabuni ya kawaida: uzoefu wangu wa kusafisha jikoni bila dawa kali

Kilichonifanya niachane na dawa kali za jikoni ni kifua. Kila nilipopuliza dawa ya oveni, ile yenye sodiamu haidroksaidi, koo liliwasha na macho yakatoa machozi hata madirisha yakiwa wazi, na harufu yake ilikaa jikoni mpaka jioni. Wale ninaowapikia wanavuta hewa hiyohiyo. Basi nikahamia kwenye siki nyeupe, beking soda, asidi ya sitriki ya unga (ile asidi ya ndimu) na sabuni ya maji isiyo na manukato. Nimevitumia vya kutosha kusema wapi vinafaa na wapi havifai, na kwa sehemu kubwa nimeridhika mno.

Nianze na jambo linalowakatisha tamaa wengi. Usichanganye siki na beking soda kwenye chupa moja ukidhani umepata dawa yenye nguvu maradufu. Siki ni asidi. Ile ya kawaida ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Beking soda ni alkali hafifu, yaani kinyume cha asidi, na ikiyeyuka kwenye maji pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) hufika 8.3 hivi. Zikikutana zinamalizana nguvu. Mapovu yanayofurika ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu, na kinachobaki ni maji yenye sodiamu asetati, ambayo hayawezi kufanya kazi ya siki wala ya beking soda. Ukiambiwa mchanganyiko huo unazibua bomba la sinki, usipoteze muda. Chukua pampu ya mpira, na ukimaliza weka kichujio ili mabaki ya chakula yasiingie tena.

Siki ina kazi yake, nayo ni kuondoa chokaa inayoachwa na maji. Birika la umeme ndilo lililonifanya niiamini. Ndani lilikuwa limeota ukoko mweupe, mgumu, unaokwaruza ukipitisha kidole, na maji yakichemka vipande vyembamba vilikuwa vikielea juu. Nilitia siki na maji nusu kwa nusu, nikachemsha, nikazima na kuliacha. Ukisogeza sikio unasikia sauti nyembamba ya vipovu vikitoka kwenye magamba, kwa sababu asidi inayeyusha kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo chokaa yenyewe. Nilipomwaga, sehemu kubwa ya magamba iliondoka yenyewe na chuma kikaonekana tena. Baada ya hapo suuza vizuri, chemsha maji matupu, yamwage, ndipo utumie. Siku hizi kazi hii naifanya kwa asidi ya sitriki, kwa kuwa inafika palepale bila kuijaza nyumba harufu ya siki. Mdomo wa bomba ukiziba kwa chokaa, ufunge kwa kitambaa kilicholowa siki na ukiache kwa muda.

Kwenye mafuta, siki inashindwa kabisa. Nasema hivi kwa sababu naona watu wakipuliza siki juu ya jiko lenye mafuta yaliyoganda, wanasugua mpaka mkono unauma, kisha wanasema njia za asili ni porojo. Mafuta yanataka sabuni na maji ya moto. Upande mmoja wa molekuli ya sabuni unashika mafuta na mwingine unashika maji, hivyo uchafu unang'oka na kuondoka na maji ya kusuuzia. Pale palipozidi, kama kwenye wavu wa feni inayovuta moshi juu ya jiko, sabuni peke yake haitoshi. Mafuta ya hapo yamepikwa kwa muda mrefu mpaka yamekuwa ya rangi ya kahawia na yananata kama gundi. Hapo naloweka kwenye maji ya moto sana yenye sodiamu kaboneti (soda ya kufulia) na sabuni kidogo. Alkali yake ni kali zaidi, pH kama 11, na sehemu ya mafuta hayo hugeuka kuwa sabuni humohumo kwenye beseni. Maji yanabadilika rangi ukiyaangalia. Kama huna sodiamu kaboneti, tandaza beking soda kwenye trei na uiache ndani ya oveni yenye moto wa nyuzi 200 kwa saa moja hivi. Inapoteza maji na kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ndicho unachotaka. Vaa glavu, kwa maana inakausha na kuwasha ngozi. Tena hakikisha wavu si wa aluminiamu, maana alkali itaufanya mweusi. Wangu ni wa chuma kisichoshika kutu.

Sufuria iliyoungua nayo ni kazi ya beking soda. Funika ukoko kwa maji, tia vijiko viwili vya beking soda, chemsha kwa moto mdogo, acha ipoe, kisha kwangua kwa mwiko wa mbao. Mara nyingi ukoko unabanduka vipande vizima. Oveni ni ngumu zaidi: unapaka uji mzito wa beking soda na maji, unauacha usiku kucha, na asubuhi bado una kazi ya kusugua. Dawa kali inaishinda njia hii kwa kasi, sibishi. Mimi nachagua kusugua.

Friji inatosheka na maji ya uvuguvugu yenye beking soda kidogo.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni ubao uliokatiwa nyama au kuku mbichi. Siki si dawa ya kutegemea kuua bakteria kama salmonela, na ninaumia nikiona mtu anaipuliza pale na kuridhika. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, simamisha ubao ukauke kabisa. Nyumbani nimebakiza chupa moja ya dawa ya klorini kwa siku ambayo mtu anaumwa tumbo au maji ya kuku yamemwagika. Naichanganya na maji kama lebo inavyoelekeza, na sehemu nimeshaiosha na kuisuuza kwanza. Haikutani na siki hata kidogo, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu. Amonia pia isiikaribie klorini hiyo.

Siki isiguse marumaru wala jiwe lolote la jamii ya chokaa: inalila na kuacha alama zisizofutika. Vikaango vya chuma cha kusubu navyo viepushe nayo.

Kuhusu chupa zilizotengenezwa tayari zenye picha ya majani, nimejaribu kadhaa. Ile iliyokuwa na sabuni ya mimea ilisafisha mafuta vizuri na ningeinunua tena. Nyingine ilikuwa siki, maji na manukato tu, kitu ambacho naweza kukitengeneza mwenyewe jikoni. Kwenye manukato kuwa mwangalifu hata kama yametoka kwenye mimea, kwani baadhi ya mafuta hayo ni sumu kwa paka. Chupa isiyoandikwa viambato vyake naiacha rafuni.