Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis: jengo limekamilika, njia ya kulifikia bado

Tuanze na sifa, maana zipo. Stendi ya mabasi ya mikoani ya Magufuli, pale Mbezi Louis, ni stendi kweli. Ina paa, ina sakafu ya kukanyagika hata mvua ikinyesha, ina mahali pa kukaa, na mabasi yana nafasi ya kugeuza bila kuvunjiana vioo. Anayeikumbuka stendi ya zamani ya Ubungo miaka yake ya mwisho, abiria wakiruka madimbwi na mabegi kichwani, hawezi kubisha. Zile shilingi bilioni 50 na ushei zilizotajwa kuwa gharama ya ujenzi zinaonekana kwa macho.

Malalamiko ya wakazi wa Dar es Salaam, tangu stendi ilipozinduliwa tarehe 24 Februari 2021, hayahusu jengo. Yanahusu uamuzi wa kulipeleka jengo hilo mbali bila kupeleka usafiri wa kulifikia. Ubungo iko kama kilomita kumi kutoka Posta, katikati ya jiji. Mbezi Louis ni zaidi ya ishirini. Mwendokasi ulioanza kazi Mei 2016 ulijengewa njia zake maalumu hadi Kimara, zikaishia hapo. Kisha stendi ikawekwa mbele ya Kimara. Mtu aliyepanga ramani hizi mbili kwenye meza moja angeliona pengo hilo kabla ya kumwaga zege. Barabara ya Kimara hadi Kibaha ilipanuliwa kuwa njia nane, na hilo limeyasaidia sana mabasi yanayotoka jijini. Lakini abiria wa Mbagala, Kigamboni au Gongo la Mboto haanzii safari yake Kimara.

Iko hesabu moja ambayo sijaona halmashauri ikiifanya hadharani. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023, basi la daraja la kawaida hutoza shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Stendi ikisogezwa nje ya mji kwa kilomita 12, safari ya basi inafupika, kwa hiyo kwenye karatasi abiria anaokoa kama shilingi 580. Kwa viwango vya wakati huohuo, daladala ya umbali usiozidi kilomita kumi peke yake ni shilingi 600. Hapo hujahesabu daladala ya pili, wala bodaboda ya begi la pili, wala mtoto aliyekataliwa kupakatwa. Gharama imetolewa kwenye nauli ya mkoani, ambayo LATRA inaisimamia, ikahamishiwa kwenye nauli za mjini ambazo kila mtu anajilipia kivyake na hakuna anayezijumlisha.

Sasa, jinsi ya kufika. Kosa la kwanza la mgeni ni jina. Ukimwambia dereva wa teksi ya mtandaoni "Mbezi" bila neno la pili, au ukiandika hivyo kwenye simu, unaweza kupelekwa Mbezi Beach, iliyo Barabara ya Bagamoyo. Andika "Stendi ya Magufuli" au "Mbezi Louis", na kabla ya gari kuondoka hakikisha ramani inaelekea Barabara ya Morogoro. Kutoka katikati ya mji, mwendokasi hadi Kimara kisha gari la kuunganisha ndiyo njia isiyokwama sana, kwa sharti kwamba una begi moja. Ukiwa na mizigo mikubwa saa za asubuhi au jioni, mwendokasi haukufai. Milango yake hufunguka kwa sekunde chache, na humo ndani watu hubanana kiasi kwamba begi halina pa kukaa.

Anayetoka uwanja wa ndege, Gongo la Mboto au Ukonga asiende Ubungo kabisa. Apite Banana, Segerea, Kinyerezi, Kifuru, atokee Malamba Mawili hadi Mbezi. Ni lami, na inamkwepesha msongamano wa Tazara na Buguruni. Wa Tegeta, Bunju na Wazo wapite Madale na Goba, washukie Mbezi Mwisho, ambako ndiko huko Mbezi Louis. Barabara hizi mbili za pembeni ndizo zimeiokoa stendi, na laiti zingewekewa daladala za uhakika kuanzia alfajiri, nusu ya lawama zingekwisha. Wa Mbagala na Kigamboni hawana njia ya mkato. Basi likiondoka saa 11 alfajiri, wao wanatoka nyumbani saa 8 usiku, au wanalala gesti ya Mbezi na kulipia chumba kwa saa nne za usingizi.

Getini kila anayeingia hulipia. Malipo yalikuwa ya fedha taslimu kwa muda mrefu, baadaye ikaja kadi ya N-Card. Kiasi chenyewe ni kidogo. Kinachoudhi ni kwamba anayekusindikiza naye analipa, na asiye na kadi hugundua hivyo akiwa tayari kwenye foleni na basi linapiga honi. Chukua kadi mapema na iweke salio la watu wote mnaokwenda nao. Msindikizaji asiyebeba mzigo muagane nje, hana cha kufanya ndani.

Wapiga debe bado wapo. Wengi wao hukudaka hata kabla ya geti, na mbinu yao ni ileile: wanakuambia basi unalolitafuta limejaa au limeharibika. Dawa ni kukata tiketi mtandao siku moja au mbili kabla, moja kwa moja kwenye kampuni. Kisha soma tiketi. Inatakiwa ionyeshe jina lako, namba ya gari, namba ya kiti, nauli na muda wa kuondoka. Kama nauli iliyoandikwa ni ndogo kuliko fedha uliyotoa, tofauti hiyo imeingia mfuko wa mtu, na siku basi likiharibika njiani utarudishiwa kile kilichoandikwa. Mzigo wa kilo 20 ni haki yako bila malipo. Unaozidi hapo unalipiwa, na risiti idai kabla haujaingizwa kwenye buti.

Swali muhimu kuliko yote la kumuuliza mkata tiketi ni hili: "Hiyo saa 12 ni ya wapi?" Kampuni nyingi za mabasi hazikuridhia kuhamia Mbezi moja kwa moja. Ziliendelea kupakia abiria kwenye ofisi zake za Shekilango, Urafiki na Manzese, ndipo basi lipite Magufuli. Serikali ya mkoa na LATRA wametoa maagizo zaidi ya mara moja kwamba upakiaji wote ufanyike stendi, na mabasi hutii kwa wiki chache kisha mambo hurudi yalivyokuwa. Wengi huwalaumu wenye mabasi kwa ukaidi. Ukweli ni kwamba wanamfuata abiria alipo. Mtu wa Magomeni anayepanda basi Shekilango ameokoa saa nzima, na hakuna agizo litakalomshawishi aende Mbezi ili basi limpitishe kwenye geti. Kwa hiyo tiketi yenye saa 12 inaweza kumaanisha Shekilango, na basi likaingia Magufuli saa 12 na nusu au zaidi. Inaweza pia kumaanisha Magufuli, na wewe uliyesimama Shekilango ukaachwa. Uliza, na jibu uliandikishe kwenye tiketi.

Usiku ni sura nyingine. Safari za mabasi za saa 24 zilianza tarehe 1 Oktoba 2023, uamuzi mzuri uliosubiriwa miaka mingi. Ila mabasi yalipofunguliwa usiku, usafiri wa kutoka stendi haukufunguliwa nao. Anayeshuka saa 8 usiku akitokea Mwanza au Mbeya anakuta daladala zimelala, mwendokasi umelala, na bajaji zinataja bei zinazotaka. Kama hakuna ndugu wa kukupokea, kaa ndani penye taa hadi alfajiri ndipo utoke. Mwenye haraka aitie teksi ya mtandao akiwa bado ndani, asome namba ya gari, ndipo atoke getini. Kwa kituo cha ukubwa huu, basi moja la jiji kila nusu saa usiku kucha, kutoka Mbezi hadi Kariakoo, halikuwa ombi kubwa.

Kwa nini halipo? Sehemu ya jibu iko kwenye siku ya uzinduzi yenyewe. Siku ileile stendi ilipofunguliwa, Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo ndiyo iliyousimamia mradi, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Stendi imo ndani ya Manispaa ya Ubungo, abiria wake wanatoka manispaa zote, mwendokasi uko chini ya DART, njia za daladala zinapangwa na LATRA, barabara kuu ni ya TANROADS. Abiria akilalamika kuhusu daladala za usiku, kila mlango unamwelekeza kwenye mlango mwingine. Hakuna chombo kimoja cha jiji zima chenye kazi ya kumuuliza mtu wa Mbagala anafikaje Mbezi.

Na Ubungo je? Kiwanja cha stendi ya zamani sasa ni EACLC, kituo kikubwa cha biashara cha mwekezaji kutoka China, chenye maduka zaidi ya 2,000. Hapa hasira ya wakazi ni ya aina mbili. Mama lishe, wauza maji na wenye gesti waliokuwa wakimtegemea msafiri walipoteza wateja, na duka la jumla haliwaletei mtu anayehitaji chai saa 10 alfajiri. Wafanyabiashara wa Kariakoo nao wanaogopa kushindana na mwenye kiwanda kwenye rejareja. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15 imewatuliza kidogo, si sana. Ukweli mchungu ni kwamba Ubungo ndiyo sehemu ya jiji inayofikika kwa urahisi kuliko zote, kuna makutano ya Kijazi na kituo cha mwendokasi mlangoni, na imepewa mizigo wakati watu wamepelekwa Mbezi.

Ushindani nao umefika. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huohuo, na stesheni yake iko mjini. Kwa miji hiyo miwili, kwa mtu anayekaa Ilala au Temeke, sioni sababu ya kwenda Mbezi isipokuwa tiketi za treni zikiisha. Kwa Arusha, Moshi, Tanga, Iringa na Mbeya basi bado ndilo tegemeo la wengi, na mkazi wa Kimara, Kibamba, Goba au Kibaha ataipenda stendi hii bila shaka.

Mwenye lalamiko la nauli, tiketi au kuachwa apeleke LATRA akiwa na picha ya tiketi na namba ya gari. Bila hivyo viwili halifiki mbali. Likihusu haki za abiria kwa ujumla, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini. La geti, vyoo, taa na vibanda ni la Manispaa ya Ubungo, na Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka, mwananchi ana ruhusa ya kuingia na kusikiliza. Diwani apewe hoja kwa maandishi kabla ya kikao, iwe fupi na iwe moja: daladala za usiku, au kadi kuuzwa nje ya geti, au ubao unaoonyesha basi gani liko nafasi ipi. Huo ubao, kwa sasa, ndio ningeanza nao, maana hauhitaji mkandarasi wala mkopo.