Generic Flipper: isikilize kuanzia kwenye besi

Albamu hii ya kwanza ya bendi ya Flipper ilitolewa mwaka 1982 na lebo ya Subterranean, San Francisco. Jalada lake ni la njano lenye herufi nyeusi, kwa mtindo wa bidhaa zisizo na chapa zilizouzwa kwenye maduka makubwa ya Marekani miaka hiyo. Ni wakati ambao panki ya huko, yaani roki ghafi yenye kelele, ilikuwa ikikimbilia kasi, bendi za Los Angeles na Washington zikizidi kufupisha nyimbo na kuongeza kasi. Flipper walikwenda kinyume: mdundo mzito, nyimbo ndefu, gitaa likivuma bila kupumzika. Wengi walikereka, na hadi leo wapo wanaoizima baada ya wimbo wa pili kwa sababu wamelifuata gitaa.

Kinachobeba wimbo hapa ni besi, yaani gitaa la sauti za chini. Will Shatter na Bruce Loose walipokezana: aghalabu mmoja akiimba, mwenzake anashika besi. Besi hupiga noti chache tu, ikazirudia karibu wimbo mzima, na huo ndio muziki wenyewe. Steve DePace anaushikilia mdundo kwenye dramu bila madoido mengi. Juu yao Ted Falconi anamwaga mikwaruzo na milio ya amplifaya badala ya kodi safi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Ukishaishika besi, kelele za Falconi zinaanza kuwa na umbo, na utasikia zinavyopanda na kushuka.

Ndiyo maana spika ya simu inaiharibu kabisa. Sauti za chini hupotea, ukabakiwa na mkwaruzo na mtu anayepiga kelele kwa mbali. Tumia visikizi vinavyofunika sikio au spika kubwa, punguza kidogo sauti za juu, na usiguse besi mpaka umalize wimbo mmoja. Ukiizidisha, itaimeza sauti ya mwimbaji, ambayo tayari imezama.

Kwa wanaonunua santuri, upande wa kwanza una takriban dakika 24, ambazo ni nyingi kwa santuri ya inchi 12. Mifereji hubanana, hivyo sauti hurekodiwa kwa nguvu ndogo zaidi na vumbi husikika upesi. Upande wa pili ni mfupi, ila Sex Bomb, wimbo wa karibu dakika 8 wenye saksafoni na vurugu tele, umewekwa mwishoni, karibu na kitovu, mahali ambapo sindano yoyote hupata shida. Kuna mkwaruzo uliokusudiwa na mkwaruzo wa sindano chafu. Ili kuitofautisha, sikiliza herufi "s" za mwimbaji katika nyimbo za mwanzo wa kila upande. Zikiwa zinachanika hata hapo, safisha sindano na santuri kabla ya kumlaumu muuzaji.

Udhaifu upo. Wimbo wa I Saw You Shine una zaidi ya dakika 8, na haubadiliki vya kutosha kuzistahili zote. Living for the Depression, kwa upande wake, ni wa kasi na haufiki dakika 2. Unathibitisha kwamba mwendo wa polepole waliuchagua wenyewe.

Mtu aliyeanza na upande wa pili wa My War, albamu ya bendi ya panki ya Black Flag ya mwaka 1984, wenye nyimbo 3 tu na kila moja ikipita dakika 6, atashangaa jinsi Flipper walivyolegea. Black Flag wanabana na kukaba koo. Flipper wanayumba pamoja, na ndani ya kuyumba huko mna huruma nyingi. Anayeonja kwa mara ya kwanza aanze na wimbo wa Life: mdundo ni mzito vilevile, gitaa ni chafu vilevile, lakini maneno yanasikika, na yanasema bila kificho kwamba kuishi kuna thamani.