Programu nzuri ya nyimbo za ibada ila mturudishie beti zetu

Naipa nyota 4, maana hii programu ya nyimbo naitumia kila ibada na naipenda kweli. Inafanya kazi bila intaneti, maandishi yanakuzwa mpaka wazee wanasoma bila shida, ukiunganisha na projekta beti zinafuatana vizuri hazirukiruki. Hapo sina neno.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile sehemu ya kushusha na kupandisha ki, yaani wimbo uimbwe kwa sauti ya juu au ya chini kiasi gani. Wengi wanaona hilo ni la wapiga kinanda tu, mi naona ni jambo la kiroho kabisa. Wimbo ukianzishwa juu sana, ikifika kwenye kiitikio unaona akina baba wananyamaza mmoja mmoja, akina mama wengine midomo inacheza ila sauti haitoki, mwisho wanabaki waimbaji wa mbele wenye maiki na kanisa zima limekuwa watazamaji. Paulo kwenye Wakolosai 3:16 anasema "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni". Mkifundishana jamani! Yaani uliyekaa naye benchi moja ana neno la kukupa kwa sauti yake, hata kama hajui besi wala alto ni nini. Kuna mtu kaja siku hiyo moyo umepondeka hata kuomba hawezi, akisikia wenzake wanakiri kwamba Bwana ni mwaminifu anashikiliwa na imani yao mpaka atakapoweza kufungua kinywa mwenyewe. Sasa kama wenzake wenyewe wameshindwa na ki, atamsikia nani?

Na hii ya kuimba pamoja haikuanza juzi. Mwaka 112 hivi, Pliny akiwa gavana wa Kirumi alimwandikia kaisari Trajan kuhusu Wakristo, kwamba wana siku maalum wanakutana kabla hakujapambazuka na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama anavyoimbiwa mungu. Gavana hakuwa mwamini wala hakuwapenda, lakini alipochunguza ibada yao kuimba ni kati ya vitu vya kwanza alivyokutana navyo.

Sasa nyota ya 5 imepotelea wapi, kwenye beti. Wimbo una beti 5 humu unakuta 2 na kiitikio, basi. Watunzi wa zamani hawakuandika beti kwa kujaza karatasi, wimbo mara nyingi ni safari, ubeti wa kwanza unaita watu, wa pili wanajiona wenye dhambi, halafu wanafika msalabani, wa mwisho unaangalia ufufuo. Ukikata katikati watu wanafika kwenye furaha bila kupita msalabani, wanashangilia hawajui wanashangilia nini. Paulo huyo huyo anasema "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia" (1 Wakorintho 14:15), na akili itashika nini kama maneno yenyewe yameondolewa?

Kingine, makundi ya nyimbo ni Sifa, Kuabudu, Shukrani, Injili. Maombolezo hakuna. Hili limeniuma kwa kweli, maana zaburi nyingi sana ni za kilio, na Zaburi 88 inaanza na kilio inaishia gizani hivyo hivyo, na bado ni wimbo na bado uko kwenye Biblia. Aliyefiwa naye anahitaji cha kuimba. Tunapenda kuhubiri Paulo na Sila walivyoimba gerezani milango ikafunguka, ila soma Matendo 16 taratibu, wakati wanaimba milango ilikuwa bado imefungwa na miguu iko kwenye mkatale, mgongo una majeraha ya fimbo, hawakujua kama kuna tetemeko linakuja, waliimba tu na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza. Kuimba kwao hakukuwa malipo ya kufunguliwa.

Muziki wa kufuatisha uko sawa, ngoma ziko juu kidogo ila unaweza kuzizima ukaimba bila chombo, na mi nashauri mfanye hivyo angalau ubeti mmoja mjisikie wenyewe.

Kwa wenye programu, mkirudisha beti zote na mkaongeza kundi la maombolezo nakuja kubadilisha nyota siku hiyo hiyo. Kwa mnaotaka kupakua, pakueni, ila kabla ya ibada fungueni kitabu cha nyimbo mlinganishe beti, zilizokosekana mziandike wenyewe kwenye ile sehemu ya kuongeza maneno, inakubali.