Urea kwenye mchaichai: majani utapata, mafuta tuongee

Wengi wanaoisifia hii mbolea ya urea ni watu wa mahindi, mi naitumia kwenye mchaichai wa kukamua mafuta kwa hiyo acha niseme upande huu. Kwa kuotesha majani haina mpinzani, nitrojeni 46% sio mchezo, ukishakata ukaweka kidogo udongo ukiwa na unyevu haichukui muda kijani kinakolea na machipukizi yanatoka kibao. Hapo sina neno.

Sasa njoo kwenye mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke. Mafuta ya mchaichai ni kidogo mno, kwenye majani mabichi kawaida hata asilimia 1 hayafiki, so uzito wa majani peke yake usikupe raha. Ukizidisha urea majani yanakuja mapana yamejaa maji, unashindilia mtambo, unachoma kuni zilezile afu mafuta hayapandi kulingana na mzigo ulioweka!! Kwa shamba zima sawa unaweza pata mengi zaidi maana majani yenyewe ni mengi, ila ukipima kwa kilo moja ya majani mara nyingi hamna jipya na saa ingine yanashuka kabisa. Kwenye mfuko wa urea wameandika "huongeza mavuno", mavuno ya nini hawasemi.

Afu kuna hali ya hewa, ambayo haijali umenunua mbolea gani. Jua la kutosha na ukavu kiasi kabla ya kukata, harufu inakuwa kali. Mvua ikikaa siku nyingi mafuta yanapungua hata kama uliweka kwa vipimo, na ukame ukizidi yale majani machache yatanukia vizuri sawa lakini utakamua nini sasa. Urea yenyewe ukiimwaga juu tu kwenye joto bila kuifukia inageuka amonia inapotea hewani, mvua kubwa nayo inaisomba, yaani hela yako inaondoka kwa njia mbili. Mi naigawa kidogokidogo kila nikishakata, na samadi iliyooza vizuri naweka pia.

Wa lavenda pitieni mbali, ile inataka udongo usio na rutuba nyingi na usiotuamisha maji, ukiilisha hivi inajaza majani laini maua haba. Mnanaa unaipenda urea ila wenyewe unataka mchana mrefu, siku zikiwa fupi mentholi (ile inayoleta ubaridi mdomoni) inashuka, menthofurani (inayoharibu ubora wa mafuta) inapanda, hapo mwaga mfuko mzima haisaidii.

Nyota 3 kwa 5. Kama unauza majani tu hukamui, weka 5.