Wifi ya geto inakatakata? Anza na waya, ripita iwe ya mwisho kabisa

Hii nawaandikia mnaoishi geto la kuchanga, ile nyumba moja vyumba vitano sita, Sinza, Changanyikeni, Makongo huko, mmevuta faiba kwa hela ya wote alafu wa chumba cha mwisho kila siku anasoma kwa bando lake la simu. Sio haki kabisa, na mara nyingi inatibika bila kuhama kampuni wala kupandisha kifurushi.

Kabla hamjatoa hata mia, chukua laptop, ichomeke kwenye rauta kwa waya, pima spidi usiku ule muda ambao watu wote wako ndani. Kwa waya ikija spidi mnayolipia ila chumbani kwa wifi inakuja robo yake, shida iko kwenye wifi. Kwa waya nayo ikiwa mbovu na hakuna anayeshusha mafaili wapigieni kampuni, maana hakuna kifaa cha dukani kinachotengeneza laini ya nje. Na vile vimstari vya wifi kwenye simu visikudanganye, vikijaa maana yake simu inaisikia rauta vizuri, intaneti ni habari nyingine.

Alafu hameni kona. Fundi wa faiba huwa anaiacha rauta pale waya ulipoingilia, nyuma ya TV au pembeni ya friji, basi ipelekeni koridoni, juu, pasipo na machuma. Kwenye masafa ya wifi, 5 GHz ina kasi ila kuta mbili tatu za tofali zinaimaliza, 2.4 GHz inafika mbali ila majirani wote wako humo na maikrowevu nayo imo. Kwenye 2.4 tumieni chaneli (vinjia vya ndani ya masafa) 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Bado inasumbua? Sasa ndo mnunue, na kwa mpangilio huu.

Namba moja, na sioni cha kujadili hapa: waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6 kutoka rauta kubwa mpaka upande wa pili wa nyumba, huko mwisho mnafunga rauta ya pili. Waya unabeba spidi yote mpaka mita 100, haujali ukuta wala jirani. Rauta ya pili hata used inatosha: zima DHCP yake (ile inayogawa IP, yaani anwani, kwa vifaa), ipe IP isiyogongana na ile kubwa, waya uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) sio la WAN (la intaneti inayoingia), jina la wifi na pasiwedi weka zilezile, chaneli tofauti. Kazi ya saa moja tu. Ila kwenye kununua waya kuweni macho, pale Kariakoo kabla hujakatiwa mita zako omba kipande, menya, chukua uzi mmoja ukwangue kwa kisu, ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukitokea mweupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, huo acha, ukikunjwa kidogo unakatika na mtakuwa mnatafuta kosa kila wiki. Kama mnabana vichwa vya waya wenyewe rangi ni hizi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Namba mbili ni UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoiwasha umeme ukikatika. Watu wanaidharau lakini umeme ukicheza sekunde moja tu rauta inazima na kuanza upya, nyumba nzima inakaa dakika kadhaa bila kitu, na kama mtu yuko kwenye kipindi cha Zoom au anawasilisha kazi ndo kashatoka. LUKU ikiisha usiku wa manane pia mnaendelea. Soma nyuma ya adapta ya rauta, volti lazima zifanane, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Kama kiboksi cha faiba kiko peke yake nacho kinataka umeme, kwa hiyo chukueni yenye matundu mawili.

Namba tatu, rauta mpya inayogawa spidi. Kama wifi inakufa pale tu fulani anaposhusha gemu, ruka yote ya juu, hii ndo namba moja yenu. Rauta ya MikroTik inamwekea kila mtu kikomo chake, inataka kichwa kidogo kuiseti ila mkimaliza mmemaliza na ugomvi. Jumla ya kikomo iwe chini kidogo ya kifurushi. Mkichagua TP-Link, Archer C50 matundu yake yanaishia Mbps 100, C6 yanafika 1000, kwa kifurushi cha Mbps 20 au 30 wala msiongeze hela kwa sababu hiyo.

Mesh, ile seti ya vifaa kadhaa vinavyorusha wifi moja nyumba nzima, naiweka ya nne. Ni nzuri kweli, ila bei yake kwa mwanafunzi ni kubwa na bila waya kati ya vifaa kuta zilezile zinaipunguza. Ichukueni kama mwenye nyumba amekataa kutoboa na hata waya wa kupita juu ya dari hataki.

Ripita, kile kifaa kinachodaka wifi na kuirusha tena, ndo ya mwisho. Nyingi zinapokea na kurusha kwenye masafa yaleyale, hapo spidi inabaki kama nusu, alafu watu wanaichomeka kwenye chumba chenye shida ambako hata yenyewe haisikii kitu. Ukilazimika iweke katikati ya njia, na uchukue yenye 5 GHz. Vile vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, kama kila chumba kina mita yake achaneni navyo.

Na kabla ya kuchanga andikeni kwenye grupu la WhatsApp kifaa kitabaki kwa nani mwenzenu akimaliza chuo, risiti ipigwe picha iwekwe humohumo, maana garantii bila risiti dukani hawakusikilizi.