Mita ya shilingi 25,000 na televisheni "iliyokufa": uzoefu wangu

Nasema mita ya kupimia saketi, si ile ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla. Ni ile ndogo ya manjano isiyo na jina la maana, inayoning'inia kwenye maduka ya chaja hapa Busia, upande wa Uganda. Niliinunua kwa hasira. Fundi mmoja alifungua televisheni yangu, akainusa, akaifunga, akasema bodi ya umeme imekufa, nyingine ni 150,000. Hakupima chochote.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, picha haiji. Nikafungua mgongo. Fyuzi nzima, mita ikalia. Ingekuwa imeungua, nisingekimbilia kuweka nyingine, maana mara nyingi kuna dayodi au transista iliyopiga shoti nyuma yake, na fyuzi mpya itaungua vilevile. Kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza chaji, ikasoma volti 335. Usishtuke: umeme wetu wa 240 ukishapita kwenye zile dayodi nne zinazougeuza kutoka AC kuwa DC, kapasita hujaa hadi karibu 340. Basi upande wa kuingilia hauna neno. Upande wa kutokea, palipoandikwa 5V, namba zilikuwa zinacheza kati ya 3 na 4. Nikamulika tochi. Kapasita mbili za 1000 µF, volti 10, zimevimba vichwa kama andazi. Nikaweka za volti 16, zinazostahimili joto la nyuzi 105, shilingi 2,000 zote mbili. Jioni tukatazama taarifa ya habari.

Kabla ya kugusa bodi, chomoa waya ukutani kisha maliza chaji ya kapasita kubwa kwa balbu ya zamani ya wati 60. Mimi siku ya kwanza nilitumia bisibisi. Ncha yake ina shimo hadi leo.

Lawama zangu sasa. Mita hii haipimi kapasita, na kapasita nyingine hukauka ndani bila kuvimba. Hapo utabaki kubahatisha kwa kubadilisha. Ningekuwa na pesa kidogo zaidi ningechukua inayopima. Nyaya zake ni nyembamba, na ule mwandiko wa 1000V usoni siuamini hata kidogo. Vidole navirudisha nyuma, mkono mmoja mfukoni.

Lakini kilichoniudhi hasa ni betri. Mwezi uliopita ilinionyesha volti 290 kwenye soketi. Nikachomoa friji, nikamgongea jirani achomoe yake, nusura nimpigie simu fundi wa umeme usiku. Kumbe betri yake ya volti 9 imechoka, na mita za aina hii betri ikishuka huongeza namba. Siku hizi kabla ya kazi naipima kwanza betri mpya ya redio, ya 1.5. Ikisoma 1.6, naendelea. Ikisoma 1.9, natoka kwenda dukani. Jirani bado ananiita "Bwana Volti".